Kocha wa konferensi ndogo akihamia chuo kikubwa: namna ya kumpima kabla hajacheza mechi hata moja

Scott Frost, kocha wa futiboli ya Marekani, alikikuta chuo cha UCF (University of Central Florida) kikitoka kwenye msimu wa 0-12 wa mwaka 2015, yaani ushindi sifuri na vipigo 12. Kufikia 2017 timu hiyo ilimaliza 13-0, ikaifunga Auburn 34-27 kwenye Peach Bowl, mojawapo ya mechi kubwa za baada ya msimu, na Nebraska ikampa Frost mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya dola milioni 35. Aliyerithi kiti chake UCF, Josh Heupel, alianza na 12-1, akashuka hadi 10-3, kisha 6-4. Ukimwekea mtu rekodi hizo mbili mezani bila majina, atamchukua wa kwanza bila kusita. Frost alitimuliwa Nebraska akiwa na ushindi 16 na vipigo 31. Heupel alikwenda Tennessee mwaka 2021, na msimu wake wa pili alimaliza 11-2, ikiwemo ile mechi ya 52-49 dhidi ya Alabama.

Kila mtu huanza na rekodi ya ushindi, na hiyo ndiyo humpotosha. Katika futiboli ya vyuo Marekani kocha hupanda kila mwaka kutoka ngazi ya chini kwenda ya juu, na tofauti ya anayefaulu na anayeanguka huonekana mapema ukijua pa kuangalia. Unachotafuta ni kimoja: katika yale yaliyomshindia kule alikotoka, yapi anaweza kuyabeba na kwenda nayo?

Kwanza, ijue ngazi

Konferensi ni kundi la vyuo vinavyocheza ligi pamoja. Kubwa ni nne: SEC, Big Ten, Big 12 na ACC, pamoja na Notre Dame ambayo haimo katika konferensi yoyote kwa futiboli. Chini yake zipo American, Sun Belt, Mid-American (MAC), Mountain West na Conference USA, na kuanzia 2026 Pac-12 mpya iliyojengwa upya kwa vyuo kama Boise State na Fresno State. Chini zaidi kuna ngazi za FCS, Division II, Division III na NAIA. Zote hizo ni shule za makocha. Chuo cha Miami cha Ohio (si kile cha Florida) ndicho kilichomtoa Woody Hayes kwenda Ohio State mwaka 1951, Ara Parseghian kwenda Northwestern mwaka 1956 na Bo Schembechler kwenda Michigan mwaka 1969.

Vunja rekodi vipande

Chukua karatasi, andika mechi zote za misimu yake miwili ya mwisho. Msimu wa kawaida una mechi 12, kwa hiyo utakuwa na mistari 24 au zaidi kidogo. Kisha fanya hivi.

Futa mechi za vyuo vya FCS. Kwa kawaida ni moja kwa msimu na haikuambii kitu. Zungushia duara mechi dhidi ya vyuo vya konferensi kubwa. Hazitazidi mbili au tatu kwa msimu, lakini hizo ndizo mtihani wenyewe. Usiishie kwenye matokeo. Fungua takwimu za mechi uangalie yadi kwa kila jaribio kwa pande zote mbili, mara ngapi kwotabeki wake (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) aliangushwa, na pointi za robo ya tatu na ya nne. Timu ya konferensi ndogo ikipoteza 31-24 huku ikisukumana sawasawa hadi filimbi ya mwisho, hiyo ni dalili nzuri kuliko ushindi wa 24-21 uliotokana na mipira minne aliyodondosha mpinzani. Mipira inayopotezwa na mpinzani haijirudii kwa mpangilio; kocha hawezi kuifungasha kwenye sanduku.

Weka alama kwenye kila mechi iliyoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu. Nane ni tachdauni, bao kuu la mchezo huu, ya pointi 6 pamoja na nyongeza ya 2, yaani mpinzani alikuwa mpira mmoja tu nyuma. Kocha aliyeshinda mechi saba za aina hiyo kati ya nane amebahatika, na mwakani huenda akashinda nne. Aliyeshinda nyingi kwa pointi 20 na zaidi ana timu iliyo bora kweli katika ligi yake.

Sasa rudi kwa UCF ya 2017. Mechi mbili za mwisho kabla ya Peach Bowl zilikwisha 49-42 dhidi ya South Florida, na 62-55 dhidi ya Memphis katika nyongeza ya pili ya muda. Timu inayoruhusu pointi 42, kisha 55, inaokolewa na mtu fulani, na mtu huyo alikuwa kwotabeki McKenzie Milton. Frost alipoondoka, Milton alibaki. UCF iliendelea kushinda mfululizo hadi mechi 25, na ikaja kusimamishwa na LSU kwenye Fiesta Bowl ya Januari 2019. Ukiona timu inashinda vilevile bila kocha, ujue sehemu kubwa ya ushindi ilikuwa ya kikosi.

Mtihani wa kwotabeki ndio ninaouamini kuliko yote. Uliza: je, kocha huyu amewahi kubadili kwotabeki na mashambulizi yakaendelea? Heupel alimpoteza Milton kwa jeraha baya mwishoni mwa 2018, akaingiza kijana wa mwaka wa kwanza, Dillon Gabriel, na mashambulizi yakabaki juu ya yadi 500 kwa mechi katika misimu yote mitatu. Rekodi yake ilishuka kwa sababu nyingine, lakini mashine yake haikuyumba. Hiyo mashine ndiyo aliyoipeleka Tennessee.

Ameshinda mahali pangapi?

Curt Cignetti aliongoza chuo cha Division II cha IUP (Indiana University of Pennsylvania), akaenda Elon, kisha James Madison, ambako alimaliza na 52-9, na hakuwahi kuwa na msimu wa vipigo vingi kuliko ushindi. Kalen DeBoer alianza Sioux Falls ya NAIA na 67-3, akapita Fresno State, akaifikisha Washington fainali ya Januari 2024, kisha Alabama ikamchukua kuziba pengo la Nick Saban. Lance Leipold alitwaa ubingwa wa Division III mara sita akiwa Wisconsin-Whitewater kabla ya Buffalo na Kansas. Kocha wa namna hii amekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kuingia chumba cha watu asiowajua, wenye vipaji tofauti, na bado akashinda. Mwenye misimu miwili mizuri mahali pamoja hajathibitisha hilo bado, hata kama misimu hiyo ilimaliza bila kipigo.

Ushindi mwingi si lazima, lakini ukosefu wake ni onyo. Chad Morris alikwenda Arkansas akiwa na 14-22 pale SMU; kilichomuuza ni mwelekeo wa 2-10, 5-7, kisha 7-5. Arkansas alipata 4-18, na ndani ya SEC hakushinda hata mechi moja kati ya 14.

Jiografia nayo iangalie. Bryan Harsin alikuwa mtoto wa Boise, akiongoza Boise State, katika eneo alilolijua nje ndani. Auburn ilipomleta katika jimbo la Alabama, alitakiwa kugombania vijana dhidi ya vyuo vya Georgia na Alabama katika majimbo ambako hakuwa na mizizi na makocha wa shule za sekondari. Alimaliza 9-12 na hakufikisha msimu wa pili mwisho.

Hesabu anaoondoka nao

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndipo siku hizi mambo yanapoamuliwa.

Tengeneza orodha mbili. Ya kwanza ni benchi la ufundi: mratibu wa mashambulizi, mratibu wa ulinzi, kocha wa mstari wa mbele wa mashambulizi, na kocha wa mazoezi ya nguvu. Huyu wa mwisho watu humsahau, ilhali ndiye anayekaa na wachezaji muda mrefu kuliko yeyote kuanzia Januari hadi Agosti. Kama watatu kati ya hao wanne wanahama na kocha, chuo kipya kimenunua kitu kizima. Kama anafika peke yake na kuanza kuokoteza wasaidizi, kimenunua jina.

Orodha ya pili ni wachezaji. Cignetti alipotua Indiana mwishoni mwa Novemba 2023, chuo hicho kilikuwa kimetoka 3-9 na hakikuwahi katika historia yake yote kushinda mechi 10 kwa msimu. Alikuja na waratibu wake wote wawili, Mike Shanahan wa mashambulizi na Bryant Haines wa ulinzi, pamoja na wachezaji 13 wa James Madison. Kwotabeki akamtoa MAC: Kurtis Rourke wa Ohio, mtu mzima aliyekwisha kucheza misimu kadhaa. Ukitazama mpango huo kwa karibu unaona akili yake. Wachezaji 13 wanaoijua lugha ya mfumo wamesambaa katika kila chumba cha mazoezi, kwa hiyo kila kijana mwingine ana mtu wa kumuuliza asiye kocha. Mazoezi ya kwanza ya majira ya kuchipua hayakuanzia herufi a. Indiana ilimaliza 11-2 mwaka 2024 na kuingia mchujo wa ubingwa. Msimu wa 2025, ikiwa na kwotabeki mwingine kabisa, Fernando Mendoza kutoka chuo cha California, ilimaliza 16-0 na kuifunga Miami (ile ya Florida) 27-21 kwenye fainali.

Umri wa wanaohamia una maana. Mchezaji wa miaka 22 mwenye mechi 30 mwilini huleta ushindi msimu wa kwanza, kisha anaondoka. Kijana wa mwaka wa kwanza mwenye sifa kubwa huleta matumaini, na ushindi wake unaweza kuja baada ya misimu miwili. Angalia kikosi kimejengwa na kundi lipi, ndipo ujue ni msimu gani wa kumhukumu.

Soma mkataba, si mshahara

Vyuo vya umma hutoa mikataba yake hadharani katika majimbo mengi, na magazeti ya mji husika huipata ndani ya siku chache. Mshahara ndio unaopamba vichwa vya habari. Wewe tafuta vipengele hivi.

Fidia ya kuondoka ni kiasi kinacholipwa chuo cha zamani kocha akivunja mkataba. Kwa kawaida hushuka mwaka hadi mwaka, na chuo kipya ndicho hubeba sehemu kubwa. Mfano bora ni wa Desemba 2014, Florida ilipomtaka Jim McElwain wa Colorado State. Mkataba ulidai dola milioni 7.5. Wakakubaliana 7: Florida ilipe 3, McElwain mwenyewe 2, na zile 2 zilizobaki ziwe malipo ya Colorado State kwenda kucheza mechi moja nyumbani kwa Florida. Kwa hiyo ukisikia fidia ni kubwa mno hivyo kocha haondoki, usiamini upesi, hugawanywa. Upande wa pili, chuo kidogo kinaweza kupoteza kocha kila mwaka, kama ilivyoipata Arkansas State: Hugh Freeze aliongoza 2011 akaenda Ole Miss, Gus Malzahn 2012 akaenda Auburn, Harsin 2013 akaenda Boise State, na 2014 wachezaji wakamkaribisha kocha wa nne ndani ya miaka minne.

Fidia ya kufukuzwa ni ile anayolipwa kocha. Angalia tarehe inaposhuka na kama inapunguzwa akipata kazi mpya. Nebraska ilimfukuza Frost Septemba 11, 2022, ikadaiwa takriban milioni 15. Kama ingesubiri hadi Oktoba 1, kiasi hicho kingeshuka hadi milioni 7.5. Uongozi ukaona wiki tatu zaidi zingekuwa na hasara kubwa kuliko hizo pesa. Billy Napier, aliyetoka Louisiana na 40-12, alifukuzwa Florida Oktoba 2025 akiwa na 22-23 na fidia ya takriban milioni 21 isiyopungua hata akipata kazi. Akaipata: amerudi Sun Belt kuiongoza James Madison.

Kisha kuna fungu la mishahara ya wasaidizi na fungu la wachezaji. Tangu Julai 1, 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa michezo yote katika mwaka huo wa kwanza, na kikosi cha futiboli kina kikomo cha wachezaji 105. Kila chuo kinaamua futiboli ichukue kiasi gani. Kocha aliyedai mafungu haya yaandikwe kabla ya kusaini anajua kazi anayokwenda kuifanya. Aliyeshughulikia mshahara wake peke yake, mwulizie vizuri.

Uliza pia mkurugenzi wa michezo wa chuo ni nani. Danny White alimwajiri Heupel UCF. Januari 2021 White akahamia Tennessee, na siku chache baadaye akamwita Heupel. Mkurugenzi aliyewahi kufanya kazi na kocha humvumilia kwenye mwaka mbaya. Akija mkurugenzi mpya baada ya kocha kuajiriwa, kamba hufupishwa.

Kalenda na mahali mambo yanapovurugika

Msimu wa kawaida huisha Jumamosi inayofuata sikukuu ya Shukrani (Alhamisi ya nne ya Novemba). Kipindi cha mapema cha kusaini vijana wa sekondari, kilichoanzishwa Desemba 2017, sasa hufunguliwa Jumatano ya kwanza ya Desemba. Hesabu mwenyewe: mwaka 2025 zilikuwa siku nne, kuanzia Novemba 29 hadi Desemba 3. Ndiyo maana matangazo mengi humiminika Jumapili na Jumatatu hiyo. Kocha mpya ana saa chini ya 80 kuwapigia simu vijana waliomwahidi mtu mwingine. Wakipungua, si lazima iwe kosa lake. Usimhukumu kwa kundi hilo la kwanza la vijana.

Halafu dirisha la uhamisho, yaani kipindi ambacho mchezaji anaruhusiwa kujiandikisha kuhama chuo. Tangu Januari 2026 ni moja tu, Januari 2 hadi 16. Kwa timu iliyobadili kocha, wachezaji hupewa dirisha lao la siku 15, linaloanza siku tano baada ya kocha mpya kupatikana. Zamani zilikuwa siku 30 tangu kocha wa zamani kuondoka. Maana yake kwa chuo kidogo ni wazi: kila siku kinayochelewa kuajiri mrithi ni siku ambayo wachezaji wanajua kocha aliyeondoka yuko wapi, lakini hawajui nani atawaongoza.

Mchujo wa timu 12 umeongeza mkanganyiko mwingine. Desemba 2025, Tulane na James Madison zote zilifuzu huku makocha wao wakiwa tayari wamekubali kazi nyingine, Jon Sumrall huko Florida na Bob Chesney huko UCLA. Wote wawili walibaki kumaliza. Tulane ilifungwa 41-10 na Ole Miss, James Madison 51-34 na Oregon. Kocha aliyebaki amegawanya siku zake kati ya vyuo viwili, kwa hiyo angalia nani alitumwa kutangulia kwenye kazi mpya. Akiwa mkurugenzi wa usajili au mratibu mwenye uzoefu, hasara ni ndogo.

Mfumo wake na kikosi alichokikuta

Georgia Tech ilicheza mfumo wa kukimbia wa Paul Johnson, ambaye mwenyewe alitoka Navy, kuanzia 2008 hadi 2018. Mfumo huo hutaka wanaume wa mstari wa mbele wepesi wa kuwazuia wapinzani miguuni na kwotabeki wa kukimbia. Geoff Collins alipotoka Temple kuja na mashambulizi ya kurusha mpira, alikuta hana mtu wa kulinda kwotabeki kwa sekunde tatu. Aliondoka na 10-28. Hili halirekebishwi kwa maneno: mwili wa mchezaji wa mstari wa mbele hujengwa kwa miaka miwili hadi mitatu.

Mstari wa mbele ndio pengo kubwa kati ya konferensi ndogo na kubwa. Chini, wachezaji 22 wazuri na mfumo mzuri vinatosha kukupeleka hadi ubingwa. Juu, mpinzani huzungusha walinzi wanane wazito wasiopishana sana kwa ubora, na wiki inayofuata unakutana na wengine wa aina hiyohiyo. Timu isiyo na akiba huanza vizuri Septemba na kuvuja Novemba.

Msimu wa kwanza na wa pili

Msimu wa 1-11 si hukumu. P.J. Fleck aliupata Western Michigan mwaka 2013, na 2016 akamaliza 13-1 kabla ya kwenda Minnesota. Matt Rhule, kutoka Temple, aliupata Baylor, kisha 7-6, kisha 11-3. Leipold alianza Kansas na 2-10, lakini moja kati ya hizo mbili ilikuwa 57-56 ugenini kwa Texas.

Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni kosa lilelile kurudi. Nebraska ya 2021 ilimaliza 3-9 na vipigo vyote tisa vilikuwa vya tofauti ya pointi zisizofika 10. Wengi walisema ni bahati mbaya, mwakani itageuka. Agosti 2022 huko Dublin, ikiongoza Northwestern 28-17 katika robo ya tatu, Frost akaamuru teke fupi la kuanzia, lile la kujaribu kuudaka mpira tena. Northwestern wakaupata, wakafunga, wakashinda 31-28. Kwa jumla aliondoka na 5-22 katika mechi za tofauti ya mpira mmoja. Bahati haiendi upande mmoja mara 22 kati ya 27. Hapo pana maamuzi ya benchi na mateke yasiyofanyiwa mazoezi.

Weka ile karatasi yako ya mistari 24. Novemba ya msimu wake wa pili, andika chini yake mechi nne za mwisho: yadi kwa kila jaribio, kwotabeki kuangushwa, pointi za robo ya nne, na majina ya wachezaji wa mstari wa mbele walioanza ukilinganisha na wa Septemba.